Usajili wa wakimbiaji wa baiskeli nao uandikwe

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma kila siku dukani, nikianzia nyuma kwenye michezo kabla ya kurudi mbele kwenye siasa. Nauza spea za baiskeli hapa Naivasha. Vijana wanaokuja kwangu kununua cheni, breki na tairi wakitaka kujua Arsenal inamfuata nani au Gor Mahia imemwacha nani, jibu wanalipata kwenye kurasa zako. Wakitaka kujua Mweritrea Biniam Girmay anakimbilia timu gani mwaka huu, hawalipati. Nimekuwa nikilivumilia jambo hili, lakini juzi mlikumbusha wasomaji kuhusu mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali ya Septemba 2025, mkasema Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda peke yake bila msaada wa mtu. Hapo nimeona niandike.

Kigali nilikuwepo. Tulikwenda kwa basi kupitia Kampala, kikundi cha wapenzi wa baiskeli kutoka Naivasha na Nakuru, na Septemba 28, siku ya mbio za wanaume, tulisimama Kimihurura, pale barabara inapopanda ikiwa imetandikwa mawe. Mizunguko ya mwanzo kundi lilipita likiwa zima. Tairi ziligonga mawe, na pumzi zao tulizisikia kabla hatujaona sura. Kadiri saa zilivyosonga kundi likawa linapungua. Waliopita nyuma walikuwa wamefungua zipu za jezi hadi tumboni, chumvi imekauka mashavuni, na mmoja aliinamisha kichwa hivi kwamba sikuona uso wake, niliona kofia tu. Mbio zilikuwa za kilomita 267.5 na milima isiyoisha. Waliofika mwisho ni watu 30 tu.

Kisha wakatuacha, wakaenda kwenye ule mzunguko mrefu wa Mlima Kigali, nasi tukabaki tumezunguka simu ya kijana mmoja aliyekuwa na bando. Zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, Pogačar akachomoka. Aliyemfuata ni Juan Ayuso wa Uhispania, na muda mfupi baadaye akafika Isaac del Toro wa Meksiko. Mataifa matatu, jezi tatu. Lakini Mhariri, watu hao watatu mwaka mzima walikuwa wakilipwa na timu moja, UAE Team Emirates. Ayuso alikuwa ameshatangaza kwamba anaondoka, na tangu Januari 2026 ni mtu wa Lidl-Trek. Alishindwa kwenye ule mwinuko mkali wanaouita Ukuta wa Kigali. Del Toro alibaki na Pogačar, wakaendelea wawili hadi zikabaki kilomita 66, ndipo Mslovenia akaenda peke yake. Nyuma yao Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyekuwa amebadilisha baiskeli mara mbili, alifukuza hadi mwisho akapata medali ya fedha, na Ben Healy wa Ireland akachukua shaba.

Sisemi kulikuwa na njama. Nasema habari yenu ilianzia kwenye kilomita ya mwisho, na mbio za baiskeli haziamuliwi hapo. Anayeendesha nyuma ya gurudumu la mwenzake anatumia nguvu pungufu sana kuliko yule anayepasua upepo. Ndiyo maana kila timu ina watu wanaolipwa kukaa mbele, kumkatia nahodha upepo, kumletea chupa za maji kutoka kwenye gari, kumpa gurudumu lao akipata pancha, na kumaliza wa 90 bila jina lao kutajwa. Hiyo ni kazi, na ina mshahara. Nitarudi kwenye mshahara, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wanapoumia.

Kuna mlima mmoja wa Italia unaobeba kila ninachotaka kusema. Unaitwa Colle delle Finestre. Unapanda kilomita 18 na zaidi hadi urefu wa mita 2,178, na kilomita zake takriban 8 za juu hazina lami. Ni changarawe, kama barabara nyingi za marram tunazozijua.

Mei 2018 Chris Froome alifika chini ya mlima huo akiwa wa nne kwenye Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia, nyuma ya Simon Yates kwa zaidi ya dakika 3. Froome ni mzaliwa wa Nairobi, alijifunza baiskeli kwa David Kinjah kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, na alivaa jezi ya Kenya kabla ya kuhamia leseni ya Uingereza mwaka 2008. Kwenye Giro hiyo alianguka kule Jerusalem kabla hata mkondo wa kwanza, yaani mbio za siku ya kwanza, haujaanza. Wengi walikuwa wamemaliza habari yake. Timu yake ya Sky ikawapanga watu wake chini ya mlima, wakaendesha kwa kasi ambayo Yates hakuiweza. Yates, mwenye jezi ya waridi ya anayeongoza, alipoteza zaidi ya nusu saa siku ile. Mtu wa mwisho kumvuta Froome alikuwa Kenny Elissonde, Mfaransa mdogo wa umbo. Alipochoka akajitoa kando, na Froome akaondoka kwenye changarawe zikiwa zimebaki kilomita 80.

Wenye kuandika magazeti wakasema ni ushujaa wa mtu mmoja. Ulikuwepo ushujaa, sikatai. Lakini usiku wa kuamkia siku ile timu ilikuwa imekaa na kugawana barabara. Wafanyakazi wa Sky, hadi mabosi wenyewe, walisimama sehemu mbalimbali za njia wakiwa na chupa na chakula, ili Froome asipande mlima na uzito usio wa lazima na asikose cha kula popote. Nyuma yake Tom Dumoulin alikuwa na wenzake wa kusaidiana nao, lakini Miguel Ángel López na Richard Carapaz walikuwa wakigombania jezi nyeupe ya vijana na hawakutaka kuvuta. Wakati wa kuteremka, Dumoulin akapoteza muda akimsubiri msaidizi wa Thibaut Pinot ambaye hakuwa mwepesi wa kushuka. Froome alishinda mkondo kwa dakika 3, akavaa jezi ya waridi, na akaichukua Giro kwa sekunde 46 tu. Ukiangalia sekunde 46 hizo, utaona kuna chupa za maji ndani yake, na kuna ubishi wa watu wawili waliokuwa wakitafuta jezi nyingine kabisa.

Sasa njoo Mei 31, 2025. Mlima uleule, na Simon Yates yuleyule aliyevunjika pale miaka saba nyuma. Mwaka huo alikuwa amehama kutoka Jayco AlUla kwenda Visma-Lease a Bike, usajili ambao sikuuona ukiandikwa popote kwa Kiswahili. Mwenye jezi ya waridi alikuwa del Toro, kijana wa miaka 21. Carapaz alikuwa nyuma yake kwa sekunde 43, na Yates kwa dakika 1 na sekunde 21. Ilikuwa siku moja tu kabla ya Roma. Yates akachomoka, na del Toro na Carapaz wakabaki wakiangaliana, kila mmoja akimtaka mwenzake avute. Wakati huo Visma walikuwa wameshamtuma mbele Wout van Aert, aliyeondoka mapema na kundi la watoro wa asubuhi. Van Aert si mtu wa kubeba maji tu. Kwenye Giro hiyohiyo alikuwa ameshashinda mkondo wa Siena, uliopita kwenye barabara nyeupe za vumbi, na aliyeshindwa naye pale mwishoni ni del Toro huyohuyo. Lakini siku ya Finestre aliusahau ushindi wake, akamngoja Yates, na bondeni kuelekea Sestriere akamvuta kama gari linavyovuta trela. Hadi wanafika, tofauti imepita dakika 5. Yates akashinda Giro.

Nilipoona picha ile ya van Aert akipunguza mwendo na kugeuka kumtazama mwenzake, nilisimama dukani. Wateja walidhani kuna jambo limetokea nyumbani.

Hapo Mhariri kuna usajili, kwa sababu bila kumnunua Yates, Visma hawakuwa na mtu wa kumngojea. Kuna mbinu. Na kuna changarawe. Hiyo ndiyo habari. Ukiandika tu "Yates ashinda Giro", umemwibia msomaji.

Usajili wenyewe unafanana na wa kandanda kwa sehemu, na kwa sehemu haufanani hata kidogo. Dirisha linafunguka Agosti 1. Kabla ya siku hiyo timu hairuhusiwi kutangaza mtu wa timu nyingine, ingawa minong'ono huanza mapema. Mikataba mingi huisha Desemba 31, na mtu akimaliza mkataba huondoka bila ada. Mwenye mkataba akitaka kutoka mapema, lazima pande zote zikubaliane. Evenepoel alikuwa na mkataba na Soudal Quick-Step hadi mwisho wa 2026, wakakubaliana, na tangu Januari 2026 yuko Red Bull-Bora-Hansgrohe. Huko amemkuta Primož Roglič, na amemkuta Florian Lipowitz aliyemaliza wa tatu kwenye Tour de France ya 2025. Manahodha wengi chombo huenda mrama, walisema wazee wa Pwani, na mimi timu hiyo naiangalia kwa jicho hilo. Nani atamvuta nani mlimani? Hilo ni swali la kujaza nusu ukurasa wa gazeti lako Julai yote.

Tofauti kubwa ni kwamba timu ya baiskeli haina uwanja wa kuuza tiketi. Inaishi kwa pesa za mdhamini, na jina lake ni jina la mdhamini. Mdhamini akiondoka, timu inakufa. Mtazame Girmay wa Asmara, aliyepita kwenye kituo cha mafunzo cha UCI, shirikisho la baiskeli duniani, kule Aigle, Uswisi. Mwaka 2021 alikuwa na timu ya Delko ya Ufaransa, nayo ikaishiwa. Katikati ya msimu akachukuliwa na Intermarché ya Ubelgiji. Machi 2022 akashinda Gent-Wevelgem, mbio za siku moja za Ubelgiji, Mei akashinda mkondo wa Giro, na mwaka 2024 akashinda mikondo mitatu ya Tour de France na kurudi na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, Mwafrika Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mtu wa namna hiyo ungesema amefika. Lakini mwisho wa 2025 Intermarché haikuweza kusimama peke yake ikaungana na Lotto, na Girmay akatafuta kwingine. Tangu Januari 2026 yuko timu ya NSN. Kwa mtu wa mbio za kumalizia kwa kasi kama yeye, kubadili timu ni kubadili wale watu wawili au watatu wanaompeleka hadi mita 200 za mwisho, wanaojua anapenda kupita kulia au kushoto, na anapiga kelele gani akitaka waongeze mwendo. Watu hao hawapatikani kwa wiki moja. Msomaji akiambiwa hilo mapema, hatamwita Girmay mzembe akimaliza wa sita mwezi Machi.

Sasa mshahara.

Mpwa wangu anaendesha baiskeli, na ana miguu. Mwaka uliopita aliletewa ujumbe kwa WhatsApp na mtu aliyejitambulisha kuwa meneja wa timu moja ya ng'ambo. Jina la timu silitaji. Ujumbe ulikuwa na mkataba wa kurasa mbili kwa Kiingereza. Tuliusoma pale kaunta, mimi nimevaa miwani, yeye amesimama nyuma ya bega langu akitetemeka kwa furaha. Baiskeli angepewa, lakini ni ya kurudisha. Nyumba angepewa, ya kulala wanane. Zawadi zote za fedha zingeingia kwanza kwenye akaunti ya timu. Nauli ya ndege ni juu yake. Kwenye sehemu ya mshahara palikuwa na mstari mmoja tu kwamba utajadiliwa. Tukaandika kwa adabu: mshahara ni kiasi gani, bima analipa nani akianguka, na tiketi ya kurudi inalipwa na nani. Alama zile mbili zikageuka buluu. Jibu halijaja hadi leo.

Nimewauliza vijana wengine wanaokuja dukani, na hadithi ni hiyohiyo ikiwa na majina tofauti. Wapo waliokwishauza ng'ombe wa baba. Hawajui, na hakuna mahali pa kusoma kwa Kiswahili, kwamba timu za baiskeli zina madaraja matatu. Daraja la juu ni WorldTour, lenye timu 18. Chini yake ni ProTeam. Kwa madaraja hayo mawili kuna kima cha chini cha mshahara, kuna bima, na timu lazima iweke dhamana ya benki ili ikivunjika wanariadha wapate chao. Daraja la tatu, Continental, UCI haikuliwekea kima cha chini cha mshahara. Zipo timu nzuri sana huko, zenye watu waungwana, na zipo ambazo kijana anaendesha msimu mzima kwa sahani ya chakula. Jezi zote zinang'aa sawa kwenye picha. Mkurugenzi wa timu hatakwambia tofauti. Mwandishi wa michezo angeweza.

Na ndoto wanayouziwa ni ya unahodha. Kila kijana anataka kuwa Froome au Girmay. Hakuna anayemwambia habari za Amanuel Ghebreigzabhier, Mweritrea aliyeingia Trek mwaka 2021. Yeye hakusajiliwa ili ashinde Tour. Alisajiliwa avute mbele, ashike kundi, awalinde manahodha, na ameifanya kazi hiyo kwenye mbio kubwa za wiki tatu. Hiyo ndiyo nafasi iliyo wazi kwa kijana wa Iten, wa Kapsabet au wa Musanze mwenye mapafu makubwa na asiyejua bado kushuka mlima kwa kasi ya wenzake wa Ulaya. Ingekuwa heri wajue kwamba kazi hiyo ipo na inalipwa.

Nakuja kwenye changarawe, kwa sababu kwenye kurasa zenu iliwahi kutokea hoja kwamba mbio za changarawe ndiyo njia fupi ya vijana wetu: huko hakuna timu, kila mtu kivyake, mwenye nguvu anashinda. Hoja hiyo naipinga kwa moyo wote, na naipinga nikiwa mtu anayeipenda changarawe kuliko lami.

Mbio kubwa kuliko zote za aina hiyo ni Unbound, kule Emporia katika jimbo la Kansas. Ni maili 200, kama kilomita 320, kwa siku moja, juu ya mawe ya gumegume yanayochana tairi kama wembe. Kwa miaka mingi sifa yake ilikuwa hiyo ya kila mtu kivyake. Lakini angalia nani anashinda. Mwaka 2024 walifika wawili mwishoni, Lachlan Morton na Chad Haga, na Morton akamshinda kwa kasi ya mita za mwisho. Wote wawili walilelewa na timu za WorldTour. Morton ni mtu wa EF, na Haga alishinda mkondo wa Giro mwaka 2019. Fika kwenye kituo cha kujaza maji uone. Mwenye watu wake anasimama sekunde chache tu. Huyu anamvua mfuko wa maji mgongoni na kumvika mwingine, yule anapaka mafuta kwenye cheni, wa tatu anamwambia waliotangulia ni wangapi. Asiye na watu anahangaika na kifuniko cha chupa kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mwaka 2023 mvua ilinyesha, na mapema kabisa kwenye mbio watu wakabeba baiskeli mabegani, matope yameshika kati ya gurudumu na fremu hadi tairi hazizunguki. Wajuzi walikuwa wamebeba vijiti vile vya kukorogea rangi ili kukwangua. Nilipoona picha hizo nikawaonyesha vijana udongo mweusi wa kuelekea Narok mvua ikinyesha. Ni mambo yaleyale. Tangu wakati huo sitoi tairi la changarawe dukani bila kumwuliza mtu anapita wapi: kama kuna mawe makali, nampa lenye ubavu mnene na dawa ya kuziba ndani, kama ni udongo mweusi, namwambia achukue jembamba kidogo ili matope yapate pa kupitia. Kijana mmoja alinibishia akataka la upana wa mm 50 kwa sababu ndilo alilokuwa nalo Mzungu mmoja kwenye video. Akalala Ntulele na baiskeli yake begani.

Hapa kwetu tuna Migration Gravel Race tangu Juni 2021, siku nne, kama kilomita 650 za Maasai Mara. Walikuja watu waliowahi kukimbia Tour de France, wakapanda nao vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda, na wengi kwa mara ya kwanza wakaona kwamba miguu yao si mifupi kuliko ya wageni. Nyuma ya mbio hizo walikuwepo watu wa Team Amani, na nahodha wao alikuwa Suleiman Kangangi. Sule, kama alivyojulikana na wengi, alikuwa wa tatu kwenye Tour du Rwanda ya 2017 akiwa na timu ya Kijerumani ya Bike Aid. Alijua lami, alijua timu za Ulaya, alijua mtu mmoja kutoka kwetu anavyomezwa akienda peke yake. Angeweza kwenda kwenye changarawe kutafuta zawadi zake. Aliingia na timu: wanaume na wanawake wa nchi tatu, wasafiri pamoja, wakae pamoja, mwenye uzoefu amfundishe asiye nao. Agosti 27, 2022 alianguka kwenye mbio za Vermont Overland kule Marekani akafariki. Alikuwa na miaka 33. Wiki ile magazeti yetu yaliandika juu yake, nami nayashukuru. Lakini aliposaini na Bike Aid, aliposimama jukwaani Kigali mwaka 2017, aliposajili vijana wa kwanza wa Amani, palikuwa kimya.

Wanaosema changarawe haihitaji timu wanasahau kwamba aliyeifungua changarawe kwa ajili yetu aliifungua kwa timu. Kijana wa Kinangop hana viza, hana baiskeli ya pili, hana mtu wa kumshikia chupa Kansas. Ukimwambia aende kivyake, umemwambia asiende. Au umemwambia aende kwa yule meneja wa alama za buluu.

Kwa hiyo Mhariri, maombi yangu ni haya, na ni ya mtu anayelipia gazeti lako kwa shilingi zake. Agosti ikifika, kando ya usajili wa Ligi Kuu ya Uingereza, wekeni safu moja ya baiskeli: nani amehama, daraja gani, kwa miaka mingapi, anakwenda kumvuta nani au kuvutwa na nani. Kijana wa kwetu akisaini popote, andikeni jina la timu na daraja lake, ili majirani wanaompongeza wajue kama wanampongezea kazi au safari. Tour du Rwanda inapokimbiwa mwezi Februari, ambapo timu za WorldTour zimewahi kuja hadi mlangoni kwetu, pelekeni mtu akae kwenye gari la timu siku moja, asikie redio wanavyopangana, badala ya kunakili matokeo kutoka shirika la habari. Na Juni, mbio za Mara zikirudi, mwandishi wako akishawapiga picha pundamilia, awaendee vijana mstari wa mwisho mmoja mmoja awaulize: mkataba wako ni wa nani, unalipwa lini, na ukianguka nani anakupeleka hospitali. Majibu ayachapishe yalivyo.

Mwandishi akipita Naivasha kuelekea Narok, duka liko wazi hadi saa moja jioni, na mkataba ule wa kurasa mbili ninao. Nimefuta jina la kijana na la timu. Akiutaka kuuonyesha wasomaji, nitampa nakala.

Muuza spea za baiskeli,
Naivasha